Fahamu kazi ya anayezijaza ndege za kivita mafuta zikiwa angani

KWA miaka mingi, madereva wa malori waliujua mji wa Isiolo kuwa mahali lami ilipokoma. Aliyekuwa akielekea Marsabit na Moyale, safari ya kilomita zipatazo 500, alisimama hapa kwanza, akajaza tangi, akafunga mitungi ya akiba juu ya mzigo, kisha akaingia katika msafara uliolindwa na polisi. Barabara hiyo ilipotiwa lami hadi mpakani katika miaka ya 2010, safari iliyochukua siku mbili au tatu ikawa ya siku moja. Hata hivyo, kanuni ya safari haikubadilika: anayekwenda mbali hujiuliza kwanza mafuta atayapata wapi.

Kanuni hiyo ndiyo inayozitawala pia ndege za kivita, ambazo mngurumo wake si mgeni katika eneo hili. Kambi ya wanahewa ya Laikipia iko Nanyuki, takriban kilomita 80 kutoka Isiolo kwa barabara, na hiyo ndiyo makao ya ndege za F-5 ambazo Kenya ilianza kuzipokea mwaka wa 1978. Tangi za ndani za ndege moja ya F-5E hubeba lita 2,500 hivi. Lori likiishiwa na mafuta, dereva hulisimamisha kando ya njia na kumtuma utingo akatafute mtungi. Ndege haina kando ya njia.

Mataifa yenye majeshi makubwa ya anga yalilitatua tatizo hilo kwa kuunda ndege za kubebea mafuta, ambazo huzigawia ndege nyingine huku zote zikiendelea kuruka. Katika nyingi za ndege hizo mna mtu mmoja ambaye jina lake halitajwi katika taarifa za vita, wala cheo chake si kikubwa, lakini bila yeye ndege zilizo mbele haziendi popote. Ni yule anayeliongoza bomba la mafuta. Katika makala haya tutamwita mwendesha bomba.

Njia mbili za kujaza

Kujaza mafuta angani kulianza zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mnamo Juni 27, 1923, karibu na mji wa San Diego nchini Marekani, ndege mbili ndogo aina ya DH-4B ziliruka moja juu ya nyingine. Waliokuwa katika ndege ya juu waliteremsha mpira wa kupitishia mafuta, na mmoja wa waliokuwa chini akaudaka kwa mkono na kuuingiza katika tangi. Mwaka wa 1949, ndege ya Marekani iliyoitwa Lucky Lady II iliizunguka dunia kwa saa 94 bila kutua, baada ya kujazwa mafuta angani mara nne.

Kutokana na majaribio kama hayo zilizaliwa njia mbili ambazo zinatumika hadi leo.

Njia ya kwanza ilibuniwa na kampuni ya Mwingereza Alan Cobham. Ndege ya mafuta hukunjua nyuma yake mpira mrefu ulio na kikapu mwishoni, mfano wa mwavuli mdogo uliofunguka. Ndege inayohitaji mafuta huwa na mrija uliochomoza mbele, na rubani wake huilenga ndege nzima hadi mrija uingie katika kikapu. Katika njia hii, kazi ngumu humwangukia rubani anayepokea. Uzuri wake ni kwamba vifaa vyake ni vyepesi, ndege moja ya mafuta yaweza kukunjua mipira miwili au mitatu kwa pamoja, na hata helikopta yaweza kuhudumiwa. Jeshi la Majini la Marekani, Uingereza na mataifa mengine mengi huitumia njia hii.

Njia ya pili ilibuniwa na kampuni ya Boeing mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati Marekani ilipokuwa na ndege kubwa za kudondosha mabomu ambazo mpira ulizijaza polepole mno. Badala ya mpira, liliundwa bomba gumu la chuma lililofungwa chini ya mkia wa ndege ya mafuta. Bomba hilo hurefuka na kufupika, moja likiwa limeingia ndani ya jingine, kama miguu ya kamera ya mpiga picha. Kando yake lina mabawa mawili madogo. Hapa rubani anayepokea hana haja ya kulenga chochote. Wajibu wake ni kuituliza ndege yake mahali pake. Anayelenga ni mwendesha bomba.

Tofauti ya njia hizi mbili ni sawa na tofauti ya kunywa maji kwa kuinamia bomba na kunyweshwa na mtu mwingine. Katika ile ya pili, ni lazima anayenyweshwa amwamini anayemnywesha.

Tangi linaloruka

Ndege ya mafuta inayojulikana zaidi duniani ni KC-135 ya Boeing. Iliruka mara ya kwanza mwaka wa 1956, na ya mwisho ilikabidhiwa jeshi mwaka wa 1965. Ingawa umri wake unakaribia miaka 70, mamia ya ndege hizo bado yanatumika.

KC-135 yaweza kubeba hadi tani 90 za mafuta, yaani zaidi ya lita 110,000. Hicho ni kiasi cha malori matatu makubwa ya mafuta yanayopita katika barabara zetu, na chaweza kuzijaza tangi za ndani za F-5 zaidi ya mara 40. Bila shaka, sehemu ya mafuta hayo hutumiwa na ndege yenyewe, kwani lori nalo haliendeshwi kwa maji.

Kasi ya kujaza nayo ni ya kushangaza. Pampu ya kawaida katika kituo cha petroli hutoa lita 40 hivi kwa dakika. Bomba la KC-135, likiihudumia ndege kubwa, laweza kupitisha takriban lita 3,600 kwa dakika, ambazo ni kama pampu 90 zinazofanya kazi kwa pamoja. Ndege ndogo za kivita hazipokei kwa kasi hiyo yote, lakini hata hivyo humaliza haja yao kwa dakika chache.

Kwa kawaida watu walio katika KC-135 ni watatu tu: rubani, msaidizi wake na mwendesha bomba.

Kazi inaanzia ardhini

Mwendesha bomba wa Jeshi la Anga la Marekani si afisa. Ni mwanajeshi wa vyeo vya chini, mara nyingi wa ngazi ya usajini. Mafunzo yake ya kuiongoza ndege ya mafuta kutoka mkiani hufanyika katika kambi ya Altus, jimbo la Oklahoma, ambako huanza na mitambo ya kuigiza safari kabla ya kupelekwa angani. Mara za kwanza anapolishika bomba halisi, mwalimu huwa amelala kando yake.

Siku ya safari, yeye ni miongoni mwa wa kwanza kufika katika ndege. Hulikagua bomba kutoka mzizi hadi ncha: kama kuna mafuta yanayovuja, kama mabawa yake madogo yanageuka ipasavyo, kama kioo cha dirisha lake ni safi. KC-135 hubeba pia mizigo na abiria, na yeye ndiye anayehakikisha kwamba mzigo umefungwa barabara na kwamba uzito umegawanywa ili ndege isielemee upande mmoja. Kisha huketi na marubani kupitia ratiba: ni ndege zipi zitakuja, saa ngapi, kwa mwinuko gani, na kila moja imepangiwa kilo ngapi.

Baada ya kupaa, ndege ya mafuta huenda mahali palipoagizwa na kuzunguka hapo katika njia ya mviringo mrefu, mfano wa uwanja wa mbio. Ndege zinazohitaji mafuta huifuata zikiwa takriban mita 300 chini yake, ili hata makosa ya kukutana yasiwe makosa ya kugongana. Wakati huo mwendesha bomba huondoka kwenye kiti chake nyuma ya marubani, akatembea hadi mkiani na kuteremka katika chumba kidogo kilicho chini ya tumbo la ndege.

Humo hamna kiti. Mna kitanda chembamba anacholalia kifudifudi, na mahali pa kuegemeza kidevu. Mbele ya macho yake kuna dirisha linalotazama nyuma na chini. Mkono wa kulia hushika kijiti kinachoyaongoza mabawa ya bomba, na wa kushoto hushika kile cha kulirefusha na kulifupisha. Kwa maneno mengine, bomba lenyewe ni kama ndege ndogo, na mwendesha bomba ndiye rubani wake.

Mita kumi na tano za mwisho

Ndege inayopokea hupanda taratibu hadi ifike takriban mita 15 nyuma ya ncha ya bomba, na hapo husubiri. Huu ni wakati wa kupimana. Mwendesha bomba huitazama: je, imetulia, au inayumba juu na chini kama mashua penye mawimbi? Rubani mchovu hujulikana hapa, na rubani mgeni pia. Asiporidhika, hamruhusu kusogea.

Akiridhika, humwita. Mwendo wa kusogea huwa polepole sana ukilinganishwa na kasi ya ndege zenyewe. Ndege zote mbili huwa zinakwenda kwa kilomita 700 au zaidi kwa saa, lakini tofauti ya mwendo kati yao yapaswa kuwa ndogo kama hatua za mtu anayetembea. Mwendesha bomba humsomea rubani umbali uliobaki, ukipungua kidogo kidogo, hadi amwambie asimame. Chini ya tumbo la ndege ya mafuta kuna safu mbili za taa zinazomwonyesha rubani aliye nyuma kama anapaswa kupanda, kushuka, kwenda mbele au kurudi nyuma. Kwa taa hizo, kazi yaweza kufanywa bila neno kusemwa redioni, jambo lenye faida kubwa pale ambapo adui anasikiliza.

Tundu la kupokelea mafuta haliko mahali pamoja katika kila ndege. Kwenye F-16 liko mgongoni, nyuma ya rubani. Kwenye A-10 liko puani, mbele ya macho yake. Kwenye F-15 liko upande wa kushoto, karibu na bega la bawa. Mwendesha bomba hana budi kuyajua yote, pamoja na tabia za kila ndege. Nyingine ni nyepesi na huyumba upesi. Nyingine ni kubwa kiasi kwamba zikikaribia, hewa zinayoisukuma mbele yake huuinua mkia wa ndege ya mafuta, na marubani walio mbele hulazimika kuirekebisha.

Ndege ikishatulia, mwendesha bomba huipeleka ncha juu ya tundu, kisha hulirefusha bomba. Ncha ikiingia, vifungo vilivyo ndani ya tundu huishika, taa huwaka, na msaidizi wa rubani huzifungulia pampu. Bomba likiwa limerefuka, huwa na urefu wa takriban mita 14. Kwa dakika zinazofuata, ndege mbili zinazobeba mafuta tele huwa zimeunganishwa kwa umbali ambao lori na trela lake lingeujaza wote.

Mwendesha bomba hapumziki hata hapo. Sehemu ya bomba inayorefuka imepakwa rangi: kijani maana yake ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni mwisho. Pembe za bomba nazo zina mipaka yake, kwa juu na chini na kwa kila upande. Mitambo yaweza kuziachanisha ndege yenyewe mipaka hiyo ikivukwa, lakini mwendesha bomba anayesubiri mitambo imwokoe amekwisha chelewa. Isitoshe, ndege inayopokea huzidi kuwa nzito kila sekunde, na ile inayotoa huzidi kuwa nyepesi, hivyo mizani iliyokuwapo mwanzo hubadilika muda wote.

Usiku kazi huwa ngumu maradufu. Anachokiona ni taa chache na kivuli, na kutokana na hivyo lazima akadirie umbali wa mita moja au mbili.

Mwenye jicho ndiye mwenye amri

Waliopanda malori ya masafa marefu wanajua kwamba kuna wakati dereva, hata awe mkongwe, humtii utingo. Lori linaporudi nyuma katika uchochoro, dereva haoni kilichoko nyuma ya mzigo. Utingo ndiye anayeona. Akipiga ubao wa lori na kupaza sauti kwamba lisimame, dereva hukanyaga breki kwanza na kuuliza baadaye.

Ndivyo ilivyo katika ndege ya mafuta. Rubani wake hawezi kuiona ndege iliyo chini ya mkia wake. Rubani wa ndege inayopokea huona tumbo la ndege kubwa na taa zake, lakini tundu lililo mgongoni mwake halioni. Mtu pekee anayeviona vyote viwili, bomba na tundu, ni yule sajini aliyelala kifudifudi. Kwa sababu hiyo amepewa mamlaka yanayozidi cheo chake. Akiona hatari hutamka amri ya kuachana mara tatu mfululizo. Hapo hapo ndege ya mafuta huongeza kasi na kupanda, na inayopokea hupunguza kasi na kushuka, hata kama anayeiendesha ni kanali.

Kwa nini jeshi, ambalo hustawi kwa kuheshimu vyeo, likubali mpango huo? Jibu liko katika historia.

Ajali ya Palomares

Mnamo Januari 17, 1966, ndege ya Marekani aina ya B-52 ilikuwa ikijiandaa kupokea mafuta kutoka kwa KC-135 katika anga ya kusini mwa Uhispania, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 9,000. Ilikuwa na mabomu manne ya hidrojeni. Ndege hizo ziligongana. Watu wote wanne waliokuwa katika ndege ya mafuta walikufa, pamoja na watatu kati ya saba wa B-52.

Mabomu matatu yaliangukia nchi kavu karibu na kijiji cha Palomares. Hayakulipuka kwa nguvu za nyuklia, lakini baruti iliyokuwa ndani ya mawili ililipuka na kutawanya sumu ya plutoniamu katika mashamba. Bomu la nne lilizama baharini, na likaopolewa mwezi wa Aprili baada ya msako mkubwa.

Rubani mmoja aliyenusurika alieleza baadaye kwamba walikuwa wamekuja kwa kasi iliyozidi kidogo, na kwamba kwa kuwa hawakusikia amri ya kuachana, hawakuona hatari yoyote. Maelezo hayo mafupi yanabeba uzito wote wa kazi hii. Rubani aliyezoea kulindwa na jicho la mwingine huuchukua ukimya wa jicho hilo kuwa ruhusa. Mwendesha bomba hawezi kunyamaza kwa kuona haya, wala kwa kuogopa kumkatiza mkubwa wake.

Kutoka dirishani hadi kwenye kioo cha kamera

Katika ndege mpya, kitanda cha mkiani kimeondolewa. Tayari ndege ya KC-10, iliyotumika tangu mwaka wa 1981 hadi ilipostaafishwa mwaka wa 2024, ilimpa mwendesha bomba kiti na dirisha kubwa. KC-46, ambayo Jeshi la Anga la Marekani lilianza kuipokea Januari 2019, ilikwenda mbali zaidi. Mwendesha bomba wake huketi mbele, nyuma ya marubani, akivaa miwani maalumu na kutazama picha za kamera zilizofungwa mkiani.

Faida yake ni dhahiri. Hakuna tena mgongo unaouma, na watu wote wa ndege wako pamoja. Lakini kamera hizo za kwanza zilileta tatizo ambalo wengi hawakulitarajia. Katika mwanga wa aina fulani, jua linapopiga kwa pembe mbaya, picha ziliweza kumpotosha anayezitazama kuhusu umbali, na kukawa na hatari ya ncha ya bomba kuukwaruza mgongo wa ndege inayopokea bila yeye kujua. Kwa ndege zilizopakwa rangi maalumu ya kuzificha zisionekane kwa rada, mkwaruzo si jambo la urembo. Mwaka wa 2020 jeshi hilo na Boeing walikubaliana kwamba mfumo huo wa kamera ubuniwe upya, na kazi hiyo imechelewa kuliko ilivyopangwa.

Wakati huo huo, kampuni ya Airbus iliunda mfumo unaoliongoza bomba la ndege ya A330 kwa kompyuta, ukaidhinishwa mwaka wa 2022 kwa matumizi ya mchana. Mwendesha bomba bado yupo, lakini kazi yake ni kusimamia badala ya kushika kijiti. Nayo Marekani, mnamo Juni 2021, ilifaulu kuijaza mafuta ndege ya kivita kutoka kwa ndege isiyokuwa na rubani, kwa njia ya mpira.

Je, kazi hii itatoweka? Huenda mkono wake ukatoweka mapema kuliko jicho lake. Kompyuta yaweza kulipeleka bomba kwenye tundu ndege inapotulia. Kutambua kwamba rubani aliye nyuma amechoka, au ana hofu, na kumrudisha kabla hajakosea, ni kazi ya namna nyingine.

Inatuhusu vipi?

Msomaji aweza kuuliza: Kenya haina ndege ya kujazia mafuta angani, sasa haya yanatuhusu nini? Jibu ni kwamba hata asiyekuwa na ndege hizo huishi na matokeo ya kutokuwapo kwake. Historia ya eneo letu ina mfano mzito.

Usiku wa kuamkia Julai 4, 1976, ndege nne za Israel aina ya C-130 zilitua Entebbe nchini Uganda kuwaokoa mateka wa ndege ya Air France iliyokuwa imetekwa. Safari ya kwenda pekee ilikuwa ya takriban kilomita 4,000, na ndege hizo hazikuweza kubeba mafuta ya kwenda na kurudi, wala hapakuwa na ndege ya kuzijaza njiani. Makomando walibeba hata pampu ili wanyonye mafuta katika matangi ya Entebbe. Hatimaye zilijazwa mafuta Nairobi.

Msaada huo wa mafuta ulikuwa na bei, na waliolipa ni watu wasiohusika. Idi Amin aliwageukia Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda, na wengi wakauawa. Mwaka wa 1978, Bruce McKenzie, aliyewahi kuwa waziri wa Kilimo wa Kenya, aliuawa kwa bomu katika ndege iliyokuwa ikitoka Uganda, na wengi wamekihusisha kifo hicho na kisasi cha Amin.

Hilo ndilo jambo ambalo ndege ya mafuta hubadilisha. Anayeweza kujaza angani hahitaji kumbishia jirani hodi usiku. Asiyeweza, safari yake ndefu huanza kwa kuomba ruhusa, na anayempa ruhusa hubeba sehemu ya vita vyake.

Kenya yenyewe ilikumbana na hesabu ya umbali mnamo Oktoba 2011, ilipoingia Somalia katika operesheni ya Linda Nchi, na ndege zake za kivita zikashambulia ngome za al-Shabaab kusini mwa nchi hiyo. Kutoka Nanyuki hadi Kismayu ni kilomita 600 hivi kwa mstari ulionyooka. Rubani anayekwenda huko huhesabu pia kilomita 600 za kurudi, na muda wowote atakaokaa juu ya lengo lake hukatwa katika mafuta yayo hayo.

Je, dawa ni kununua ndege za mafuta? Si rahisi hivyo. Mwaka wa 1982, katika vita vya Falklands, Uingereza ilihitaji ndege 11 za mafuta ili ndege moja tu ya mabomu ifike visiwani na kurudi kisiwa cha Ascension. Katika Afrika, waliojaribu ni wachache. Algeria ina ndege za Il-78, Morocco ina za KC-130, na Afrika Kusini ilikuwa na Boeing 707 hadi mwaka wa 2007. Zote hizo ni za mpira wala si za bomba gumu.

Zaidi ya hayo, ndege ya mafuta haifuti haja ya ardhi. Uwanja wa ndege wa Isiolo ulipoboreshwa, ulipata njia ya kurukia ya urefu wa kilomita 1.4 hivi, katika mwinuko wa takriban mita 1,100 juu ya bahari. Hewa ya mwinuko huo, hasa wakati wa joto la mchana, ni nyepesi, na ndege iliyojaa tani 90 za mafuta ingehitaji njia ndefu zaidi ya maradufu ili ipae. Kwa nchi nyingi, viwanja vizuri na maghala ya mafuta yaliyowekwa mahali panapofaa ni dawa ya bei nafuu kuliko tangi linaloruka.

Hata hivyo, kazi ya mwendesha bomba ina somo lisilohitaji ndege ya mabilioni. Majeshi yaliyomtegemea kwa zaidi ya nusu karne yamejifunza kwamba usalama wa wengi waweza kuwa mikononi mwa mtu wa cheo kidogo anayeona kile ambacho wakubwa wake hawakioni. Yamempa idhini ya kusema simameni, na yamewafundisha wakubwa kutii kwanza na kuuliza baadaye. Somo hilo lafaa katika chumba cha upasuaji, katika mtambo wa umeme, katika matatu inayokwenda kasi usiku, na pia nyuma ya lori linalorudi kinyumenyume sokoni Isiolo.